Jibini ya Jirani

Kwa mama yangu, sahani ya mtu hairudi tupu. Huo ndio ustaarabu aliotoka nao Unguja akaja nao Maskati, na ndio uliotuponza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulipata jirani mpya pale mtaani kwetu Mawaleh, mama wa Kimeksiko, mumewe mhandisi. Ramadhani ilipoingia mama akampelekea sambusa. Kesho yake jirani akaja na sahani yake ya buluu, na juu yake jibini nyeupe, mbichi, aliyoigandisha mwenyewe. Kwao, alisema, huifikicha juu ya maharage.

Mama akaionja. "Chokaa hii," akasema alipokwisha kutoka mgeni. Lakini sahani ilikuwa ya watu, akairudisha na vitumbua. Jirani naye hakukubali kuzidiwa wema, sahani ikaja tena na jibini. Mama akajibu kwa mkate wa kumimina. Ikaja jibini kubwa zaidi.

Tuliila na tende. Tuliitia ndani ya sambusa. Mama aliikaanga akingoja iyeyuke. Ikakaa vile vile, kaidi, haina hata haya. Baba alikuwa akiifukia chini ya wali. Mimi niliudhika kweli.

"Mama, si umwambie basi!"

"Nimwambie nini, mwanangu? Nimvunje moyo mtoto wa watu, naye yuko ugenini?"

Tukaenda hivyo mpaka mume akahamishwa. Jirani akaja kuaga, teksi imesimama mlangoni, sahani mkononi, na jibini. Mama akababaika, jikoni hakukuwa na kitu. Akaikata jibini ile ile, akaitia ndimu na pilipili, akamrudishia na sahani yake.

Jirani akaitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akanieleza kwa Kiingereza, nami nikamfasiria mama: tangu utotoni hakuipenda jibini hii. Aliigandisha kwa ajili yetu tu, maana aliona tunaipenda mno.

Mama akaketi kizingitini. "Mwambie na mie siipendi."

Nikamwambia. Wakashikana mikono wakicheka, kisha wakaanza kuulizana mambo mbio mbio, nami nafasiri huku na huku: mama yako yuhai? Una watoto wengine, wako wapi? Usiku mmoja nilikusikia unalia, nani alikufa?

Dereva akapiga honi. Hawakuwa wamefika hata nusu ya maswali yao.