Mpishi wa Mushasha aliyeangushwa na soda za wema

Saa tano asubuhi, Fabiano Ndikuriyo anavua sweta, anafuta viganja kwenye aproni na kuushika mwiko. Mwiko wenyewe umechongwa kwa mti wa mkalitusi na unamfika kidevuni. Mbele yake, sufuria ya lita mia mbili inatokota juu ya kuni, na msaidizi wake, Christina, anamimina unga wa mahindi huku akikwepa moshi.

"Mimina tu, usiogope," Fabiano anamwambia. "Leo nipo."

Anasonga. Unga unakaza, mabega yanapanda na kushuka, jasho linatiririka. Anakwenda dakika ishirini bila kupumzika. Mwandishi wa habari hizi aliomba kujaribu na hakufikisha hata dakika moja, Christina akacheka mpaka akaweka beseni chini.

Wanafunzi mia nne na ishirini wa shule hii ya bweni iliyoko Mushasha, mjini Gitega, watakula ugali usio na donge hata moja. Hapo Januari mwaka jana, mtu huyuhuyu alishindwa kunyanyua ndoo ya maji.

Fabiano ana miaka arobaini na minne. Alikulia Kigoma, Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, na huko ndiko alikojifunza kupikia watu wengi. Aliporudi Burundi alipata kazi katika jiko hili, na kila mwaka uliopita uliongeza kilo kadhaa mwilini mwake.

"Mpishi lazima aonje," anasema. "Sasa kuonja kwangu kulikuwa sahani nzima. Halafu ule ukoko wa chini ya sufuria, nani ataula kama si mimi?"

Alifika kilo mia moja hamsini na moja. Magoti yakavimba, usingizi ukawa unamkamata amekaa juu ya kuni, na daktari akamwambia moyo wake unavuta mzigo wa watu wawili. Madereva wa pikipiki nao walimdai nauli ya watu wawili, naye hakuwalaumu.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa kilima. Mama yake mzazi, Dorotea, anaishi Gasorwe, mkoani Muyinga, katika nyumba iliyo juu kabisa ambako gari halifiki wala pikipiki haithubutu. Kutoka barabarani ni mwendo wa saa moja kwa mtu mzima wa afya. Mara ya mwisho Fabiano alipojaribu, aliishia nusu ya njia, akakaa juu ya jiwe na kutuma mfuko wa chumvi na sabuni kwa jirani aliyekuwa akipanda.

"Nilimwona mama kwa mbali, amesimama uani. Nikampungia mkono, nikarudi. Miguu yake haishuki tena, na yangu ilikuwa haipandi. Miaka mitano hivyo."

Aliyemwokoa ni dada yake, Vumilia, aliyeolewa na kubaki Tanzania. Aliuza kiwanja chake, akamwita Dar es Salaam, na Septemba ya mwaka juzi madaktari wakampasua na kumpunguza tumbo. Waliacha sehemu ndogo tu, nyembamba kama ndizi.

Fabiano alirudi Gitega Novemba akiwa amepungua kilo ishirini na nane. Alidhani atapokewa na pongezi. Badala yake, shule nzima iliingiwa na hofu.

"Wanafunzi walisema: kama mpishi amekonda hivi, sisi tutakula nini?" anasimulia, na hapo anacheka mwenyewe. Mitaani Magarama, anakoishi, waliomjua walinong'ona kwamba ana ugonjwa usiotajwa.

Lakini unono uliondoka pamoja na nguvu. Mwili ulikuwa mwepesi, ila ulichoka kabla ya kazi kuanza. Kupanda ngazi tatu za ghala kulimtoa pumzi. Januari, akiwa katikati ya kusonga ugali, macho yaliingia giza, akaanguka hatua moja tu kutoka kwenye moto.

Padri Leonardi, anayesimamia matumizi ya shule, alimwondoa jikoni siku hiyohiyo na kumpa kazi ya kuchambua maharage. Alimwambia waziwazi kwamba atamngoja mpaka muhula wa tatu. Ikiwa kufikia hapo hawezi kusonga, mwiko utapewa mtu mwingine, kwa sababu watoto hawawezi kungoja.

"Hakuwa mbaya," Fabiano anasema. "Alisema huku anaangalia chini. Lakini mi nilijua, bila mwiko sina kazi, na bila kazi sina maana ya lile kovu tumboni."

Habari za kuanguka kwake zilisambaa, na hapo ndipo watu wa Magarama walipomwonyesha upendo. Mgonjwa hapa hatembelewi mikono mitupu. Anayeishiwa nguvu huletewa soda, na soda hiyo hunywewa mbele ya aliyeileta, ili aende nyumbani moyo umetulia.

Walikuja wawili, watatu kwa siku. Soda moja inakaribia nusu ya mshahara wa Fabiano wa siku, na mara nyingi madukani haipatikani. Kuna jirani aliyezunguka mji mzima kuitafuta, akaifungua kwa meno mlangoni kwa furaha.

Dar es Salaam walikuwa wamemkataza sukari. Alijua vizuri. "Lakini utamtazamaje mtu machoni umwambie sinywi? Wahenga walisema mkataa wengi ni mchawi. Nilikunywa zote."

Kila alipomaliza chupa, baada ya muda mfupi moyo ulianza kwenda mbio, jasho baridi likamtoka, magoti yakalegea, akalala. Waliokuja jioni walimkuta amelala hoi, wakasema masikini, kazidiwa, kesho tumwongezee.

Aliyeligundua jambo hili ni Namegabe, mama wa Kikongo kutoka Kivu Kusini anayeuza dagaa Magarama. Watu humwita Mama Espoir, kwa jina la mwanawe. Hana cheti cha uuguzi, ila macho yake hayapitwi na kitu.

"Nilikuya kumuona mara tatu," anasimulia akiwa nyuma ya meza yake ya dagaa. "Mara zote tatu, ananywa soda, anaanguka. Siku moya hapakuwa soda, nikamukuta anakaa muzuri, anaongea. Bon, mi nikajiuliza: mutu akinywa anaanguka, akiacha anasimama, inaomba doktere hapo?"

Akamwamuru Fabiano ampigie dada yake simu, hapohapo, kwa sauti ya wazi. Vumilia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo Mama Espoir anayarudia kila akikutana na mteja mpya: "Fabiano, mdogo wangu, niliuza kiwanja ili ukanywe soda?"

Ndipo dada akamkumbusha alichoambiwa hospitalini: tumbo lililopunguzwa huipitisha sukari upesi mno, na mwili hulegea. Ale kidogo kidogo mara nyingi, aanze na mayai, samaki au maharage kabla ya ugali, maji ayanywe kwa mafunda na si pamoja na chakula, na vidonge vya madini na vitamini asiviruke hata siku moja. Fabiano aliinamisha kichwa. Alikuwa akichambua maharage kutwa nzima bila kula hata kijiko, na jirani yake alikuwa na meza nzima ya dagaa.

Lilibaki tatizo la wageni. Jumapili ile, kwenye mkutano wa jumuiya ndogo ya mtaa, Mama Espoir alisimama bila kuitwa.

"Niliwaambia: Baba Elias muko munamuua na mapendo," anasema. Elias ni mtoto wa kwanza wa Fabiano. "Kama munamupenda, mumuletee mayayi. Soda munywe nyinyi kwenu."

Mzee mmoja akaanza kucheka, na wote wakafuata. Wiki hiyo Fabiano alipokea mayai arobaini na matatu. Anasema aliyapanga juu ya meza, akayaangalia na kulia.

"Hakuna aliyekasirika. Walikuwa wamenipa walichonacho, nikawaacha wakosee kwa sababu ya aibu yangu. Halafu wakanipa tena. Nitawalipa nini watu hawa?"

Nguvu hazikurudi kwa siku moja. Kwanza alibeba ndoo nusu, kisha ndoo nzima. Machi alianza kusonga uji wa asubuhi. Siku ya kwanza ya muhula wa tatu, Padri Leonardi alikuja jikoni na kumkuta Fabiano anageuza ugali, Christina akihesabu dakika kwa sauti. Padri aliondoka, akarudi na sahani yake mwenyewe akiomba apakuliwe.

Leo Fabiano ana kilo tisini na sita. Zipo siku anazochoka, hasa akisahau kula, na Christina humwekea yai kwenye dirisha la jiko kila saa nne.

Agosti mwaka jana alikwenda Gasorwe. Alipanda kilima kwa miguu yake, akipumzika mara mbili, na kumkuta mama yake ameketi mlangoni.

"Akaniuliza, wewe mtoto wa nani? Nikasema, wako. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, muda mrefu sana."

Kisha mama akaingia ndani na kutoka na chupa ya soda. Aliposikia mwanawe anakuja, aliuza kuku wake wa mwisho ili aipate.

"Nikawaza, Mungu wangu, si kuku ndiye dawa!" Fabiano anasema, anacheka. "Nikamfungulia. Nikamwambia, mama, aliyechoka hapa ni wewe, umeningoja miaka mitano. Kunywa wewe, mi nikuangalie. Akanywa yote."

Likizo inayokuja atapanda tena, safari hii na jembe, kulima shamba aliloacha baba yake na kupanda maharage. Kuku wawili ameshawaagiza sokoni Gasorwe, na ndani ya begi lililoning'inia nyuma ya mlango wa jiko tayari kuna mbegu na chupa mbili za soda, zimefungwa ndani ya sweta zisivunjike.

Zote mbili ni za mama?

"Zote," anasema, na kuurudia mwiko wake.