Makaa Yangu Yasiyo na Harufu

Mimi ni fundi wa makaa ya taka pale Riruta. Maganda ya viazi na ndizi ambayo majirani wanatupa, mimi naanika, nasaga, nachanganya na vumbi la makaa na udongo, halafu nafinyanga madonge. Yanawaka vizuri, na sioni haya kujisifu.

Wiki jana hoteli moja katikati ya jiji iliniita niyaonyeshe. Wakiyapenda, ningekuwa nawaletea kila wiki. Nikawasha jiko uani, mbele ya meneja na wapishi wake, nikatangaza, "Haya hayana moshi wala harufu."

Moto ulipokolea, meneja akapiga chafya. Mhudumu mmoja akaanza kukohoa. Hata mimi macho yaliniwasha, lakini sikutishika. Nikamgeukia mpishi mkuu.

"Boss, hebu waambie jikoni wapunguze pilipili. Wananiharibia kazi."

"Jikoni hakuna kitu imewashwa, madam. Sote tuko hapa tunakuangalia."

"Basi ni hoteli ya jirani," nikasema, machozi yakinitiririka.

Wateja walishaanza kutoka, leso puani. Mpishi alichukua donge ambalo halijawashwa, akalivunja, akatunyooshea kiganja chake sote tuone. Kilijaa mbegu za pilipili, na katikati yake pilipili moja nzima, nyekundu, hata haijasagwa.

Wote wakanigeukia, macho mekundu.

"Hiyo ni yangu," nikasema, kisha nikaomba maji ya kuzima jiko.