Mwaka Ambao Hakuna Aliyeanguka

Nakumbuka siku moja baraza la gombolola, yaani kata yetu, lilipokutana kwetu Paya, miaka michache baada ya uhuru. Mwanangu, tangu uniambie umechaguliwa diwani, siku hiyo hainitoki akilini, na usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Baba yangu, Okoth, naye alikuwa diwani. Mtu wa mwili, mcheshi, mpenda mboga yenye chumvi nyingi. Siku hizo watu wazima walikuwa wakianguka ghafla shambani, upande mmoja wa mwili umepooza, nasi tukisema wamerogwa, kumbe ilikuwa presha ya damu. Ndipo baraza likatoa sehemu ya kodi kumlipa muuguzi mmoja kutoka Buhehe, nje ya gombolola yetu, azunguke vijijini kwa baiskeli akipima presha na kugawa vidonge. Baba alipimwa, akakutwa nayo. Akameza dawa na kupunguza chumvi, kwa manung'uniko mengi. Mimi, msichana wake, nilimchungulia kila alipoinuka kitini.

Ukapita mwaka mzima Paya hatukusikia mtu kaanguka. Na hapo ndipo palipoharibika! Baraza lilipokaa kugawa kodi tena, madiwani wakauliza muuguzi analipwa kwa kazi gani, na ugonjwa wenyewe umekwisha. Afadhali barabara ya soko. Baba alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Jioni ile nyanya, mama yake, alimgombeza mbele yetu watoto, jambo ambalo kwetu halifanywi kwa mtu mzima.

"Okoth, nani amekuambia umepona?"

"Mama, mimi niko mzima. Kichwa haiumi, miguu iko na nguvu."

"Uko mzima kwa sababu unameza vidonge. Nyumba yako ikiacha kuvuja, unabomoa paa?"

Baba alicheka, akaomba chumvi. Sikucheka, niliogopa.

Muuguzi alirudi kwao na vidonge vikaisha. Dawa za dukani Tororo zilikuwa ghali, na baba alisema hanunui dawa ya ugonjwa asiousikia. Kila alfajiri nilingoja kikohozi chake ndipo niamke. Asubuhi moja, akiwafunga ng'ombe plau, mkono wa kulia ukalegea, akaanguka. Aliishi, lakini hakusema neno tena.

Madiwani wote walikuja kumtazama, na kuku, na sukari, na mchango mkubwa. Nilikasirika mpaka nikatoka nje. Watu wale walikuwa wakarimu kweli kwa mgonjwa, ila kwa mzima hawakuwa na senti.

Basi mwanangu, bajeti ikifika mezani, utaletewa habari ya barabara na jengo, na hivyo ni vitu vya kuonekana. Aliyekingwa haonekani. Atapita akienda sokoni kama wengine, wala hatakushukuru, kwa kuwa hajui umemfanyia nini. Mpigie kura huyo. Usingoje alale kitandani ndipo umpelekee sukari. Wakikuuliza pesa za nini na wagonjwa hawapo, wajibu kwamba hawapo kwa sababu ya pesa hizo, na uwajibu hivyo kila mwaka, hata wakuchoke.

Mungu akupe ulimi usioogopa kikao, na baba za watu katika kata yako wazeeke wakigombana na wajukuu wao kwa sauti zao wenyewe.