Robo za Darlene katika bendi ya Marlby

Jumatano jioni, Darlene Hruska anaingia ukumbi wa bendi akiwa bado na aproni ya jikoni. Watoto wanane wameshika tarumbeta zao. Mbele yao amekaa Clifford Ackroyd, kiongozi wa Bendi ya Marlby, mikono kifuani. Leo ataamua kama wataandamana na wakubwa Ijumaa baada ya Pentekoste, siku ambayo bendi za huku hupita mitaani zikipiga muziki, au darasa la Darlene lifungwe.

Darlene, 56, ni mpishi wa shule ya msingi katika mji huu wa Yorkshire, Uingereza. Alizaliwa Nebraska, Marekani. Ndoa ndiyo iliyomleta. Jioni huwafundisha watoto bure, maana bendi imebaki na wapigaji kumi na mmoja, wengi wao wenye mvi.

Tatizo ni majina. Kwao Nebraska, noti za muziki huitwa nzima, nusu na robo. Huku noti zilezile ni semibrevi, minimu na krocheti.

"Robo ya nini, mama? Ya peremende?" Mzee Ackroyd alimtania siku za mwanzo.

"Na hiyo krocheti ni noti, au ugonjwa wa magoti?" akajibiwa.

Mwezi Machi utani ukatumbukia nyongo. Katika jaribio la kwanza, mzee aliwataka watoto waanzie kwenye minimu ya pili. Wakabaki kutazamana; wao waliijua kwa jina la nusu tu. Imogen Battye, mwenye miaka kumi, aliweka tarumbeta chini akalia.

Darlene hamlaumu mzee. Ukaidi ulikuwa wake mwenyewe, anasema.

"Majina yale nilifundishwa na baba, mikono yake imejaa mafuta ya trekta. Niliona nikiyaacha, nimemwacha yeye. Lakini mtoto alilia kwa ajili ya baba yangu, jamani. Hiyo si haki."

Tangu siku hiyo amewafundisha majina yote mawili.

Leo mzee anataja minimu ileile. Imogen anavuta pumzi, anapuliza, wenzake wanamfuata. Mzee anasimama, anawaongoza kuzunguka ukumbi kwa hatua za maandamano, na hakuna anayepotea.

"Makoti yao ya bendi yamo kabatini," anamwambia Darlene. "Mikono itawazidi, mama."

Darlene anajifuta macho kwa aproni.

Mwakani anataka watoto ishirini, na mzee amekubali kumsaidia kufundisha. Kwa sasa Darlene anapunguza mikono ya makoti manane kwa sindano. Kila upindo anauacha mpana.

"Watakua hawa," anasema. "Nitakuwa nikiufumua upindo kila mwaka."