Bonobo katika Miwa ya Tonton

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu, hapa Kisangani, kwamba huenda wazee wetu wa kale kabisa walisimama kwa miguu miwili ili mikono ibaki huru kubeba chakula. Nilisema hivyo kwa sababu kitabu kilisema. Moyoni sikuamini sana.

Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimia tonton, yaani mjomba wangu, mdogo wake mama, anayelima karibu na Opala. Asubuhi ya pili tulitoka kwenda kukata miwa. Tulipofika shambani akanishika mkono, akaweka kidole mdomoni ninyamaze.

Ukingoni mwa msitu bonobo jike, sokwe mwembamba wa misitu yetu, mweusi ti, alikuwa anavunja miwa bila haraka. Alikumbatia mmoja, wa pili, wa tatu. Akainama aondoke kwa miguu na mikono, kama kawaida yao, muwa ukaanguka. Akauokota, akanyoosha mgongo, akaenda zake kwa miguu miwili, magoti yamekunjika, makalio yanayumba, kama mama anayetoka sokoni na mzigo uliomzidi.

Kicheko kilinipanda kutoka tumboni. Nilijiziba mdomo kwa kitenge, haikusaidia. Nikakaa chini matopeni, machozi yananitoka.

"Weye unacheka nini?" tonton aliuliza. "Iko naiba miwa yangu."

"Tonton, umeona vile alisimama? Mikono ilijaa, alors akasimama. Ndiyo ile ninafundishaka kila mwaka."

"Donc unafundishaka watoto kuiba."

Nikamweleza kwamba yule si bibi yetu, ni binamu tu, na kwamba wataalamu bado wanabishana kwa nini wazee wetu walisimama. Alisikiliza kwa makini.

"Bon," akasema. "Tujaribu."

Akaweka panga chini, akakumbatia miwa mitatu, akaanza kutambaa kati ya mistari, yeye shemasi wa kanisa mwenye mvi. Miwa ikatawanyika. Nikamfuata na ya kwangu; sikufika mbali. Tukaishia chali kwenye majani, tunahema, mbavu zinauma kwa kucheka.

Mkewe alitukuta hapo, amebeba ndizi za kuchoma.

"Munafanya nini?"

"Tunasoma," tonton alijibu.

Kabla ya jua kutua kijiji kizima kilijua kwamba mwalimu wa mjini amemtambaza shemasi shambani. Jumapili, baada ya ibada, wanakwaya wakamwomba shemasi awaonyeshe. Akavua koti, akawaonyesha.