Ndama wa Nyasi

Niliolewa nikiwa najua kusoma, kuhesabu na kupiga taipu, tena nikiwa na uhakika kwamba dawa za majani na maneno ya kunong'ona ni mambo ya watu wa zamani. Mama mkwe wangu aliniondolea uhakika huo kwa wiki moja tu.

Ilikuwa ile miaka ya foleni. Musoma mjini, ambako mume wangu alikuwa akifanya kazi kiwandani, duka lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni, sukari, chumvi, maziwa ya kopo, vyote tulivisikia tu kwamba vimeonekana Mwanza. Wanangu waliozaliwa baadaye, maduka yameshajaa, nikiwaeleza hayo wanadhani natia chumvi.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike, na kabla hajatimiza mwezi ziwa langu la kushoto likaota jipu. Hospitali wakalipasua. La kulia nalo likaanza kukauka. Mume wangu alizunguka mji mzima kutafuta maziwa ya kopo, akarudi na mche mmoja wa sabuni ya kufulia. Akaniambia, "Nenda kwa mama, kijijini Bugwema. Kule kuna ng'ombe amezaa."

Kweli alikuwepo, ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama. Ila asubuhi ya siku ile niliyoshuka kwenye lori, mtoto kifuani na kikapu kichwani, ndama wake alikuwa amekufa. Na ng'ombe wetu wa kienyeji hana mchezo. Asipomwona ndama wake hatoi maziwa, anayabana. Ukimlazimisha anakupiga teke, na zikipita siku chache hivi kiwele kinanywea na maziwa yanakatika kabisa. Mwanangu alibaki kunywa uji mwepesi wa ulezi, na kila nilipomnyanyua asubuhi nilimwona amepungua. Niliogopa, sina namna nyingine ya kulisema.

Mama mkwe alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisani, mfupi, mwenye sauti ya kuamuru. Hakunibembeleza. "Ndama tutamtengeneza," alisema. "Sisi tulikuwaga tunafanya hivyo toka niko msichana. Na wewe utafanya, maana hii ni nyumba yako."

Ngozi ya ndama ilikuwa imeshachunwa. Ilitakiwa ipakwe majivu ndani na kuanikwa kivulini siku mbili, halafu tuijaze nyasi kavu, tuishone, tumsimamishe ndama huyo mbele ya mama yake. Hiyo ndiyo sehemu ya akili. Iliyobaki ilikuwa dawa, na hapo ndipo moyo ulipoanza kunidunda. Alinituma majani ya kivumbasi ya kumwogeshea ng'ombe mgongo, kumtoa huzuni. Alinituma majani mengine yenye ute, ya kupaka kwenye chuchu, ili maziwa yatoke yakiteleza vilevile. Tulichoma mafunjo ya ziwani, tukayachuja majivu yake, tukapata chumvi ya kumpaka ndama wa nyasi shingoni. Kibuyu tulikifukiza mpaka kikanukia. Na mwisho likaja sharti: toka ng'ombe anaogeshwa mpaka kibuyu kimepata maziwa, anayekamua na anayemsaidia wasimjibu binadamu yeyote.

"Kwa nini, mama?"

"Ukimjibu mtu, maziwa yanamfuata yeye."

Sikucheka. Nilikuwa nakimbia huku na huku na majani mkononi, jasho linanitoka, na nikagundua juu yangu jambo ambalo walimu wangu wangelisikitikia. Nilikuwa napenda uganga.

Sasa kosa. Siku ya pili mama mkwe alikwenda kwenye kikao cha akina mama kanisani, akaniachia ngozi niilinde mbwa wasiile. Ngozi ilikuwa inanuka. Nzi walikuwa wanatoka kwenye ngozi wanakwenda usoni kwa mwanangu. Muuguzi kule mjini alinionya kabisa kwamba chochote kinachokaribia maziwa ya mtoto kiwe kisafi, na mimi nilikuwa mtu wa kusikia muuguzi. Nikachukua ule mche wa sabuni, niliokuja nao na kuuficha nisifulie hata nguo zangu mwenyewe. Nikaifua ngozi. Niliisugua, nikaisuuza mara tatu, nikaianika inameremeta. Nikakaa pembeni nikijisifu.

Mama mkwe aliporudi alisimama mlangoni, akavuta pumzi puani.

"Umeifanya nini hii?"

"Nimeifua, mama."

Alikaa chini taratibu. "Ng'ombe gani anamjua mtoto wa sabuni?"

Tulijaribu hivyohivyo kesho yake. Ng'ombe alimnusa ndama wetu mara moja, akapiga chafya, akageuka akatupa mkia. Nilipogusa kiwele nilikiona kimeshaanza kulegea. Nililia palepale zizini, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana kama mwanangu angekosa yale maziwa, ningekuwa nimemnyima kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa usafi.

Mama mkwe aliniacha nilie kidogo, kisha akanipa bakuli. Kazi yangu ilikuwa kumfuata ng'ombe nyuma mpaka akojoe, niukinge mkojo. Mimi, mpiga taipu. Nilimfuata kuanzia asubuhi mpaka jua la saa sita, na nilipoupata nilikimbia nao kama niliyeokota dhahabu mgodini Buhemba. Tuliloweka ngozi humo. Tukatoa nyasi zote tulizojaza, nikapiga magoti kwenye kona alikokuwa analala ndama, nikakusanya zile alizozilalia, zenye mavi yake na manyoya yake, tukajaza hizo. Kila kitu muuguzi alichonikataza nilikifanya siku ile.

Siku ya tano, asubuhi jua limeshatoka, tukamwogesha ng'ombe kivumbasi. Mama mkwe alimnong'oneza kwa Kijita akimsugua mgongo, mimi nikapaka ute. Ndama wa nyasi alikuwa amesimama mbele, miguu imepinda, shingo nyeupe kwa chumvi. Ng'ombe akanusa. Akanusa tena.

Hapo ndipo katekista, mwalimu wa dini wa kanisani kwao, alipotokea.

"Hodi hapa," alisema kwenye uzio. Kimya. Akatuchungulia, akatuona wawili tumechuchumaa. "Tumsifu Yesu Kristo."

Mkatoliki salamu hiyo haiachi ikaanguka. Unajibu hata ukiwa na jino bovu. Niliona midomo ya mama mkwe inacheza, shingo imemkaza, na macho yake yananitazama mimi yakisema nisithubutu. Katekista akarudia kwa sauti zaidi, akidhani hatujasikia. Ng'ombe akatoa ulimi. Akalamba chumvi. Akalamba tena, safari hii siyo shingoni bali mgongoni, ambako hakukuwa na chumvi, na kiwele chote kikajaa mkononi mwa mama mkwe. Maziwa yakapiga ndani ya kibuyu.

"Milele, amina," alipaza sauti mama mkwe, bila kuacha kukamua. "Karibu, mwalimu. Tulikuwa kazini."

Katekista alimwangalia ndama wa nyasi, akamwangalia kiongozi wa akina mama. "Hata kwetu Nyegina tunafanyaga," alisema, akatafuta kigoda akakaa.

Nilicheka mpaka kidonda cha jipu kikauma. Tuliyachemsha maziwa, tukayazimua kwa maji, mwanangu akayanywa kwa kijiko kidogokidogo, macho yamemtoka kwa mshangao. Akalala bila kulia kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nilimtekenya nyayo kuhakikisha ni usingizi tu. Nilikuwa na furaha ya kuweza kukimbia mpaka ziwani na kurudi.

Mchana nilirudi zizini kuondoa bakuli. Ng'ombe alikuwa bado yuko na ndama wake. Alikuwa amemlamba mpaka manyoya ya ubavu mzima yamelala upande mmoja, na mshono niliomshona tumboni ulianza kuachia, nyasi zinachungulia. Aliziona. Alizinusa, akazisukuma ndani kwa pua, akaendelea kulamba, huku akitoa ile sauti ya chinichini ambayo ng'ombe humwitia mtoto wake ainuke.

Furaha yangu haikuisha, ila ilinishuka miguuni. Siku tano nzima tulikuwa tumehangaika naye, tumemwogesha, tumempaka, tumemnong'oneza, kwa ajili ya maziwa tu. Nikaweka bakuli chini, nikajifunga kanga vizuri, nikamsogelea mama mwenzangu na kumwambia pole.