Fundi wa Mashua wa Nyakoe

Abner Omosa ana karakana ya mabati kando ya barabara pale Nyakoe, karibu na mji wa Kisii. Kazi yake ni vitanda, milango, na majeneza yanapohitajika. Ziwa liko mbali na hapo, na wengi wanaompelekea mbao hawajui kwamba kazi yake ya kwanza ya mshahara ilikuwa kutengeneza mashua.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Klabu moja ya mashua za matanga mjini Kisumu ilitaka msaidizi wa fundi, naye akaenda na randa ya marehemu baba yake. Mashua za pale zilikuwa ndogo, za mbao, za watu wawili, kila moja na tanga kubwa na tanga dogo. Zote zilikuwa za mchoro mmoja. Urefu mmoja, upana mmoja, mlingoti wa kimo kimoja; hata unene wa mbao za chini uliandikwa kitabuni, na mpimaji alikuja na kitabu hicho akazikagua moja baada ya nyingine. Mwanzoni Abner alishangaa. Kwao fundi husifiwa kwa kitanda kisichofanana na cha jirani. Hapa fundi mzuri alikuwa yule ambaye kazi yake haitofautiani na ya mwenzake, ili huko majini ashinde mtu, si mbao. Akaipenda kazi hiyo kuliko zote alizofanya baadaye.

Ilidumu miaka miwili. Mashindano yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndipo vitu vilipovunjika. Abner ni Msabato wa kuzaliwa. Jua likizama Ijumaa anafunga sanduku la vifaa, na halifungui mpaka jua lizame kesho yake. Fundi mkuu alimvumilia, kisha akachoka.

"Wewe ni kama daktari anayelala siku ya ajali," alimwambia.

Abner alifunga sanduku lake. Alirudi Nyakoe na randa yake bila kuwahi kuona hata shindano moja.

Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Mwezi wa kumi, mwaka juzi, alikwenda Kisii mjini kununua bawaba katika duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Rasiklal. Akaambiwa azitafute stoo. Nyuma ya mifuko ya saruji kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa turubai, na umbo lake akalitambua kabla hajalifunua. Ilikuwa mashua ya mchoro ule ule, imeoza chini.

"Usiiguse, itakubakia mkononi," Mzee Rasiklal alisema kutoka mlangoni.

"Ni yako, Mzee?"

"Yangu na ndugu yangu. Tulishindana nayo mpaka alipofariki. Unajua ni nini hiyo?"

"Najua unene wa mbao zake za chini," Abner alijibu, akautaja.

Mzee Rasiklal alivuta kiti akakaa. Alikuwa na miaka sabini na minane, na presha ya macho ilikuwa imekwisha kula jicho la kushoto. La kulia, daktari alisema, lingemvusha mwaka mmoja, pengine usifike. Mwezi wa tatu kungekuwa na mashindano Kisumu, Jumamosi na Jumapili. Binti yake Shobha, mwenye miaka hamsini, angeshughulikia tanga la mbele.

"Nataka kushika usukani nikiwa bado naona boya," alisema. "Baada ya hapo basi."

Mashua ikapanda Nyakoe juu ya pikapu. Abner aliitengeneza kwa miezi mitano, mbao kwa mbao, kwa vipimo alivyokuwa bado anavikumbuka na vingine ambavyo Shobha alimletea vimechapishwa. Wapita njia hawakukosa la kusema.

"Abner, mbona hili jeneza halina kifuniko?" jirani yake Anyona alimuuliza.

"Mwenyewe anataka kuona njia."

Kipimo cha mwisho kilikuwa uzito. Mashua tupu isipungue kilo tisini. Mizani ya kutosha ilikuwa kwenye kituo cha kununulia majani chai, kwa hiyo waliisukuma huko kwa mkokoteni asubuhi moja katikati ya Machi. Ilikuwa ndefu mno kupimwa mara moja. Wakaning'iniza upande wa mbele, kisha wa nyuma, wakajumlisha.

"Nitoe kilo moja ya gunia?" karani aliuliza, kama anavyokata kwenye majani ya kila mkulima, na wanawake waliokuwa kwenye foleni na vikapu vyao wakacheka.

Ilifika kilo tisini na nusu. Abner aliandika hesabu hiyo kwa penseli kwenye kipande cha ubao na kurudi nyumbani ameridhika. Kila mkulima aliyesimama pale alijua kwamba jani lenye maji linadanganya mizani, ndiyo maana karani hukung'uta majani kabla ya kupima. Abner mwenyewe amechuma chai tangu utotoni. Lakini mvua ilikuwa na wiki tatu, na hakufikiria kwamba mbao nazo zilikuwa zimekunywa.

Mashua ilipelekwa Kisumu Jumapili na kukaa siku sita kwenye jua la ziwani. Ijumaa Abner alishuka, akasimamisha mlingoti na kufunga usukani. Saa kumi na moja jioni alifunga sanduku lake, akaliacha kwenye gari la Shobha na kwenda kulala kwa binamu yake. Asubuhi alikuwa kanisani na suti yake ya kijivu.

Somo la Sabato lilikuwa linaendelea alipomwona Shobha amesimama mlangoni, viatu vimejaa mchanga. Akatoka nje.

"Fundi, imepungua kilo moja na nusu."

"Ilikuwa tisini na nusu."

"Ilikuwa na mvua ya Nyakoe ndani. Imekauka."

Abner alielewa papo hapo. Alishika kipaji cha uso.

"Kosa ni langu," alisema.

"Hakuna anayetafuta kosa. Mpimaji anasema tufunge kipande cha mbao ngumu cha kuongeza uzito chini ya ubao wa kukalia kabla ya saa tano, la sivyo hatuingii majini leo wala kesho. Fundi wa klabu ana watu wanne mbele yetu. Ni skrubu nne. Dakika kumi."

"Najua ni dakika kumi."

"Na macho ya baba unayajua."

"Nayajua, dada."

"Basi twende."

Ndani ya kanisa mtu alikuwa anasoma kwa sauti. Abner alingoja mpaka aya ikaisha.

"Kama mzee angekuwa anazama, ningeingia majini na suti hii," alisema. "Lakini hazami. Anataka kushindana."

"Kwa hiyo kosa ni lako, na kulirekebisha si juu yako."

"Kesho ningelirekebisha saa kumi na mbili asubuhi."

"Kesho imefungwa, nimekwambia."

Abner alitoa ufunguo mfukoni akauweka kiganjani mwa Shobha. "Sanduku ni lenu mpaka jioni. Kila kitu kimo."

"Mimi sijawahi kushika bisibisi, Fundi."

"Baba yako ameuza skrubu miaka hamsini."

Shobha aliufumbata ufunguo, akaondoka bila kuaga. Abner alirudi kwenye benchi. Mwalimu wa somo alimwomba asome aya inayofuata, naye akafungua kurasa, akafungua tena, mpaka aliyeketi kando yake akamsomea.

Jioni alisimama kwenye lango la binamu yake akiangalia jua. Lilipozama alitembea haraka hadi ziwani. Mashua zilikuwa zimepandishwa ufukweni, na Mzee Rasiklal alikuwa ameketi peke yake kando ya yake, miguu mitupu, suruali imelowa hadi magotini.

"Mliingia," Abner alisema.

"Tuliingia. Tulikuwa wa tisa."

"Kati ya ngapi?"

"Tisa." Mzee alijikuna shingo. "Boya la pili sikuliona. Shobha alinipigia kelele, nikaligonga. Tukazunguka upya kama adhabu. Lakini la kwanza na la tatu niliyaona vizuri sana."

Abner alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya ubao wa kukalia. Kipande kilikuwa kimekaa upande. Skrubu moja ilikuwa imeliwa kichwa, nyingine imepasua pembe ya mbao. Alifungua sanduku lake lililokuwa pale mchangani akatoa bisibisi.

"Acha," Mzee Rasiklal alisema.

"Kimepinda, Mzee. Sasa naweza. Jua limezama."

"Mashua imepimwa kikiwa kimepinda. Yule mpimaji, mama Jacinta, ameipima, ameweka sahihi. Ukikitoa tunaanza upya, na yeye keshaondoka."

Abner alirudisha bisibisi sandukuni.

"Ni nani aliyekifunga?"

"Mimi. Shobha alishikilia, mimi nikatafuta tundu kwa kidole. Unaona kazi yangu?"

"Naiona."

"Nilikukasirikia mpaka boya la kwanza," mzee alisema. "Halafu kukawa na upepo."

Jumapili Abner aliketi juu ya ukuta wa klabu na kuona shindano lake la kwanza. Matanga makubwa tisa yaliondoka pamoja. Alifuata la mashua yake kwa namba mpaka yakawa mbali, kisha hakulitambua tena, na hakujaribu. Walimaliza wa saba.

Mwezi wa nane Mzee Rasiklal hakuweza tena kuja dukani bila kushikwa mkono. Mashua iko Kisumu bado, na Shobha ndiye anayeshika usukani. Kila miezi mitatu Abner hushuka, siku ya Jumatatu, kukagua mbao zisije zikaoza tena. Hukagua zote. Akifika chini ya ubao wa kukalia hupapasa kile kipande, huhakikisha hakijalegea, na kukiacha kilivyo.